Presha ya Marehemu

Kwenye basi la asubuhi kutoka Durham kwenda Raleigh, mbele yangu walikaa waandika programu wawili wa kampuni inayojaribu dawa, beji shingoni. Vernell, mama mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyekuwa akisimulia.

"Unaijua makro yangu, Venkat, ile programu ndogo ya kujaza rekodi. Mgonjwa asipokuja kliniki, inanakili kipimo chake cha mwisho na kujaza pengo yenyewe."

"Ndiyo maana yule bibi aliyefariki katikati ya jaribio anahudhuria kliniki kuliko wazima!" Venkat akacheka peke yake.

"Sasa sikiliza. Tangu afe, presha yake ilikuwa ileile kila mwezi. Jana imepanda."

"Imepandaje, na makro inanakili tu? Umesahau kufuta namba za mgonjwa aliyetangulia, zikamwangukia yeye. Kosa la wanafunzi hilo, dada."

"Usinifundishe kazi, bwana. Nimefuta kila kitu, nikaiendesha upya. Ikapanda zaidi."

Venkat hakucheka tena. Mimi nilijitia kusoma simu iliyokwisha chaji.

"Basi mtoe kwenye jaribio."

"Nimtoe vipi? Aliyeandikishwa anahesabiwa mpaka mwisho, hata akifa. Sheria unaijua." Akashusha sauti. "Presha ya mtu hupandishwa na nini?"

"Hofu, labda. Lakini ataogopa nini, na ameshakufa?"

"Leo mchana tunalifunga jaribio. Baada ya hapo makro haitamwita tena, na kipimo chake cha mwisho kitakuwa cha mwisho kweli."

Basi likasimama kituo chao, mbele ya jengo lenye nembo ya beji zao, mlango ukafunguka. Kati yao hakuna aliyeinuka.