Sanamu Iliyokataa Kuyeyuka

Mgeni rasmi, mwenyekiti mpya wa kamati ya hekalu. Kuhani wetu mpendwa. Majirani mliopata viti na mliosimama:

KARIBU JIKONI
Kila siku gari lako hupita upande wa mbele, kwenye marumaru. Leo umeingia uchochoroni, jikoni kwa hekalu lako. Angalia unapokanyaga, maua bado mabichi.

TULIKOTOKA
Wengi wetu si Wahindu. Wazee wetu walifuata kazi. Sherehe ilitaka sanamu ya udongo, sanamu ikataka mashada, mashada yakataka msafara, msafara ukataka ngoma, na wapiga ngoma, kama ujuavyo, wanataka kula. Siku ya mwisho sanamu hupelekwa mtoni, huagwa kwa nyimbo, huyeyuka. Wengine hulia kazi yao ikiharibika. Sisi hupiga vigelegele. Ikiyeyuka, mwakani tuna kazi.

TUNAYOJIVUNIA
Kazi hiyo imesomesha watoto na kuezeka mabati. Imefanya na makubwa zaidi. Msuka mashada na shemeji yake mpiga ngoma hawasemezani mwaka mzima kwa ajili ya ukuta wa choo. Msimu ukifika utawasikia:

"We shemeji, ngoma yako itatoka uchi?"

"Ivishe basi, shemeji, na usinibanie maua!"

Sherehe ikiisha, hununiana tena kwa raha zao.

TULIPOTELEZA
Mwaka jana Mama Kidongo, mfinyanzi wetu, alifinyanga uso mzuri hata akasahau uji motoni. Kila akiufikiria mto, moyo unamgoma. Basi, bila kumwambia mtu, akaitia sanamu tanuruni, ikaiva kama chungu.

Mtoni tukaimba, tukaaga. Sanamu ikakaa tu, maji kiunoni, inatutazama. Mpiga ngoma akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu huyu apewe jembe!" Kuhani alicheka mpaka akashikilia mti. Mama Kidongo peke yake hakucheka. Alijua alichofanya.

Kamati ikaitoa, ikaipangusa, na sasa tunasikia mmesema: ipo, ni imara, ya nini kufinyanga nyingine? Akili hiyo ni nzuri, mgeni rasmi, kwa mtu anayenunua sufuria. Lakini mwaka huu muuza maua hajaitwa, mshona mapambo hajaitwa, na wale mashemeji wamebaki na ukuta wao tu.

OMBI
Hatukuombi msaada. Ile ya tanuru ikae hekaluni kivulini, Mama Kidongo awe anakwenda kuichungulia. Ya msafara iwe ya udongo mbichi. Mwenyewe ametutuma: "Mwambieni baba huyo, kosa ni langu, wasife njaa wenye ngoma. Nitafinyanga nyingine, na nitaishusha majini kwa mikono yangu, hata ikinitazama vipi."

Kwa desturi, tonge la kwanza la udongo hubandikwa na mwenyekiti. Beseni hilo hapo miguuni pako. Udongo umelowekwa tangu jana, nao haujui kungoja vikao. Maji ya kunawa tumeyaweka pembeni, maana tunategemea utachafuka.

Mungu akupe afya, na nyumba yako isikose kicheko wala watu wa kukucheka.

Ni sisi majirani zako wa nyuma,
Wafinyanzi, Wasuka Mashada na Wapiga Ngoma wa Uchochoro wa Hekalu.