Sauti ya Mwanamke Kwenye Masikio ya Mzee Randa

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umebanwa kati ya meza yangu ya kushonea viatu na mlango wa kinyozi tunayemwita Wembe. Ng'ambo ya mlango hukaa Mama Birika na jiko lake la kahawa. Wakaaji wa kudumu ni sisi: mimi mshona viatu, Wembe, anayetoka nje kila akikosa kichwa cha kunyoa, Antena, fundi redio mstaafu anayeweza kila kitu isipokuwa kunyamaza, na Mzee Randa, seremala. Misumeno ya mashine ilimla masikio miaka thelathini, mpaka binti yake, muuguzi anayefanya kazi mbali, alipomletea vifaa viwili vidogo vya kumsaidia kusikia, vya kuvaa nyuma ya masikio. Vilimrudisha duniani. Tena vilikuwa vinaongea na simu yake moja kwa moja: binti akipiga, sauti inaingia masikioni kama vile wamekaa chumba kimoja. Kisha mzee akanunuliwa simu mpya, na mambo yakaharibika hapo.

Siku ninayoisimulia, Mzee Randa alikuwa hajaonekana benchi wiki nzima. Akaja mchana, taratibu, na mfuko wa turubai kwapani. Hakukaa. Aliuweka mfuko juu ya meza yangu, katikati ya soli na gundi.

– Patasi zangu hizi. Chukua, zitakufaa.

– Sasa wewe utachongea nini, mzee?

– Sitachonga tena.

Tukatazamana. Mama Birika akammiminia kikombe kabla hajaagiza, akamkokota mkono mpaka akakaa.

– Kwanza kunywa, alisema. Halafu useme. Unaumwa?

– Siumwi. Simu mpya imekataa kuungana na masikio yangu. Wiki ya tatu sasa. Binti yangu anapiga, naona jina lake linawaka, naweka sikioni, nasikia kama mtu anayetafuna karatasi. Siku hizi sipokei.

– Ah, ni hilo tu? Antena alivuta suruali juu, dalili kwamba tumekwisha. Tatizo ni bati, mzee. Paa lako ni bati jipya. Bati jipya linakunywa mawimbi. Simu inatuma, bati linameza, masikio yanabaki na njaa.

– Hata hapa nje haiungani nayo. Hapa kuna bati gani?

– Hapa kuna setilaiti. Inapita saa nane kila siku.

– Acha uongo, Wembe alidakia. Ni nywele. Hebu mtazame nyuma ya masikio, msitu mtupu. Mawimbi yanapita wapi humo? Ingia ndani nikupunguze uone kama haitaungana.

– Wewe kila ugonjwa dawa yake ni kunyolewa, nikamwambia. Juzi ulimwambia mtu wa vidonda vya tumbo apunguze ndevu.

– Na alipona!

Mama Birika alikuwa akipepea jiko.

– Mimi naona yale masikio yamegombana, alisema. La kushoto na la kulia. Kila moja linaitaka simu peke yake, basi simu imeona isije ikaleta ugomvi, imekaa kimya.

– Si mbali na ukweli, alisema Antena, ingawa ulikuwa mbali sana. Masikio yamemzoea bwana wao wa kwanza. Simu mpya kwao ni baba wa kambo. Mzee, uilaze simu chini ya mto siku tatu, na vifaa juu yake. Vizoeane joto.

– Ukilala juu ya simu utaivunja kioo, nikasema.

– Simu zenyewe siku hizi zina wazimu, Wembe alisema. Hii yangu ninayo wiki tatu. Nyumbani inaongea vizuri. Nikiwa hapa kazini, mara bubu. Nabonyeza ujumbe wa sauti, kimya. Nikishafika nyumbani ndiyo nazisikia jumbe zote, mikono mitupu, na aliyenituma vitu yuko mbele yangu amekunja uso.

– Mmeona! Antena alisimama kabisa. Setilaiti!

Mzee Randa hakucheka. Alikishika kikombe kwa mikono miwili.

– Si simu tu, alisema. Nasikia sauti.

– Sauti gani?

– Ya mwanamke. Inatoka katikati ya kichwa. Nikikaa hapa benchi tu, inakuja. Ndiyo maana niliacha kuja.

– Anasemaje? niliuliza.

– Mara ya kwanza alisema, «Mume wangu, leo wahi nyumbani, nakungoja.»

Hapo hata Antena alikaa. Mke wa Mzee Randa tulimzika mwaka juzi. Jeneza alilichonga mzee mwenyewe, siku mbili mfululizo, hakutaka mkono wa mtu mwingine uguse ubao ule.

– Ni sauti yake? Mama Birika aliuliza, polepole.

– Mke wangu alikuwa na sauti nzito. Huyu yake nyembamba. Lakini nikajiambia, nani anajua, labda huko waliko sauti zinapungua uzito. Nikamjibu.

– Ulimjibu!

– Moyoni. Nilimwambia anipe muda nimalize kabati la mwalimu mkuu. Siku iliyofuata akaja tena.

– Akasemaje?

– Akasema nisisahau sukari.

Mama Birika alijifunika mdomo kwa kanga. Mimi nilijikuta nimeshika kiatu cha mtu na sijui nilikuwa nafanya nini nacho. Antena aliinua kidole.

– Sukari ni ishara. Sukari maana yake ni utamu, na utamu maana yake ni...

– Antena, nikasema, leo tafadhali.

– Kabati nimelimaliza jana, mzee aliendelea. Randa yangu nimempa jirani. Misumeno nimeipeleka kwa yule kijana wa karakana ya chini. Zimebaki patasi. Sijui nimwambie nini binti yangu. Nimwambie mama yake ananiita? Ataacha kazi aje, na akija atakuta nini?

Sisi watu wa benchi, ambao tunajua bei ya kila kitu na dawa ya kila ugonjwa, tukabaki kuutazama ule mfuko wa patasi.

Wakati huo alikuwa amesimama pale dada mmoja wa kupeleka vifurushi. Alikuwa amemletea Wembe mashine mpya ya kunyolea, na alikuwa akisubiri atie sahihi. Helmeti kwapani, kikombe cha kahawa mkononi. Tulikuwa tumemsahau.

– Shikamoo, mzee, alisema.

– Marahaba, mwanangu.

– Simu yako ya zamani iko wapi?

Mzee alimtazama, kisha akatutazama sisi. Nilimtazama Wembe, Wembe akamtazama Antena. Hakuna aliyejua.

– Mpwa wangu aliichukua, mzee alisema mwishowe. Alikoipeleka sijui.

– Dada, Antena alisema, hapa tunazungumzia marehemu, wewe unaulizia simu?

Yule dada hakumjibu. Alisogeza mtandio wake kidogo na kugeuza shingo. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na kifaa kama cha mzee, cha rangi ya kahawia.

– Ninavaa tangu darasa la tatu, alisema. Ndiyo maana nauliza.

Kabla hatujashangaa vya kutosha, Mzee Randa aliruka. Kahawa ikamwagika magotini. Alikamata ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili kama mtu aliye juu ya gari linaloondoka.

– Huyo! Amekuja!

– Tulia, mzee, dada alisema na kuchuchumaa mbele yake. Usiogope. Rudia anachosema. Neno kwa neno.

Mzee alifumba macho.

– Anasema... «Baba Pacha... nepi zimeisha. Na ukileta tena zile za juzi... utazivaa mwenyewe.»

Nilimsikia Mama Birika akinong'ona:

– Jamani, marehemu nepi za nini?

Mlangoni, Wembe alikuwa amesimama na simu mkononi, kidole kimeganda juu ya kioo.

– Mama Pacha kanitumia ujumbe wa sauti sasa hivi, alisema. Nimebonyeza. Kimya. Si niliwaambia imekuwa bubu?

Sijui nani aliyeanza kugeuka. Najua tu kwamba macho yetu yote yalitua kwenye ile simu.

– Kaka, hiyo simu uliipata wapi? dada aliuliza.

– Nilibadilishana na jamaa mmoja. Mrefu, ana pengo la meno mbele.

– Mpwa wangu! Mzee Randa alifumbua macho.

– Basi ndiyo hiyo, mzee, dada alisema. Masikio yako hayajawahi kuambiwa kwamba umebadilisha simu. Yanaijua ile ya zamani. Ukikaa hapa, na yenyewe ipo mfukoni mwa kinyozi, yanajiunga nayo. Ujumbe wake unaingia kwako, yeye anabaki na kimya.

Wembe alikuwa anahesabu kitu kichwani, na kadiri alivyohesabu uso ulibadilika.

– Mzee, alisema kwa sauti ndogo. Ulisikia zote?

– Zote.

– Hata ile ya Ijumaa, kabla hujapotea?

– Ile ya Ijumaa nilitubu.

Mama Birika alikwenda chini, kweli, alikaa chini kando ya jiko akicheka mpaka machozi. Antena alinipigapiga mgongoni kama mimi ndiye niliyetatua. Hata mzee alianza kucheka, kicheko cha kukohoa kwanza, kisha kikafunguka. Halafu kikakatika ghafla, akamwinamia yule dada.

– Kwa hiyo hakuwa yeye.

– Hakuwa yeye, mzee.

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo.

– Afadhali, alisema. Nilikuwa nimefika mahali hata picha yake naigeuza ukutani. Miaka arobaini tumeishi pamoja, nikaanza kumwogopa. Afadhali.

Mama Birika alimfuta magoti kwa kitambaa, naye alikubali kufutwa.

Dada alianza na simu ya Wembe. Aliingia kwenye mipangilio, akafungua blutuuthi, akatuonyesha orodha. Lilikuwepo jina moja tu: *Masikio ya Baba*.

– Binti yangu huyo, mzee alisema. Aliandika yeye.

– Mimi niliona hilo jina nikadhani ni wimbo, alisema Wembe.

Dada alibonyeza palipoandikwa *sahau kifaa hiki*. Kisha akamwambia mzee avivue vifaa, afungue vifuniko vya betri, vizime kabisa. Mzee alipovivua akawa hasikii tena, basi dada alimwonyesha kwa vidole: subiri, hesabu kumi. Sisi wengine, sijui kwa nini, tulihesabu kwa sauti.

– Vikiwashwa upya, alitueleza, vinakuwa tayari kupokea simu ngeni kwa dakika chache tu. Ukichelewa vinajifunga, unatafuta mpaka unachoka. Wengi wanakwama hapo, wanadhani kifaa kimekufa.

Vifuniko vikafungwa, vifaa vikarudi nyuma ya masikio. Dada alishika simu mpya, akatafuta. Likatokea la kushoto. La kulia halikutokea.

– Nilisema yamegombana, Mama Birika alikumbusha.

– Sogeza setilaiti, Wembe alimwambia Antena.

– Ngojeni, dada alisema. Kila moja linaitikia kwa wakati wake.

Tulingoja. Nakwambia, nimewahi kungoja mambo makubwa maishani, lakini mkono wa Mzee Randa ulikuwa umenishika goti, na niliusikia mpaka kwenye mfupa. La kulia likatokea. Dada alibonyeza *unganisha* mara mbili, moja kwa kila sikio, na mzee akanyanyua kichwa.

– Vimelia! Ting, ting. Pande zote mbili!

– Mpigie, mzee. Mpigie sasa hivi.

Vidole vyake, vinavyoweza kuchonga ua la mti usilitofautishe na la bustani, vilishindwa kufungua kioo cha simu. Alikosea mara mbili. Mama Birika alitaka kumsaidia, mzee akautoa mkono wake taratibu. Kwanza alinyoosha mkono mezani kwangu, akauchukua ule mfuko wa turubai, akauweka mapajani. Kisha akapata jina la binti yake, akabonyeza.

Simu aliiweka juu ya benchi, kando, hakuipeleka sikioni. Tukasogea. Wembe alizima redio ndani ya duka. Mteja alifika akitaka kunyolewa, Antena akamnyamazisha kwa kidole, na huyo mtu naye akasogea.

– Mwanangu, mzee alisema.

Tukamwona uso unavyofunguka. Hauelezeki. Kama mtu aliyekuwa amebeba gogo begani, akasahau kwamba amelibeba, kisha mwenzake akaja akalishika upande wa pili.

– Naam... Nakusikia... Nakusikia vizuri kabisa, mama... Hapana, mzima. Mzima kabisa... Samahani, mwanangu, nisamehe... Kweli? Lini?... Kweli!

Akacheka. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Tulikuwa tumemwinamia watu sita, shingo mbele, na sauti ya binti ilikuwa inamwingia yeye peke yake. Sisi hatukupata hata herufi moja. Antena alivumilia mpaka akashindwa.

– Anasemaje, mzee? Kweli nini? Lini nini?

Mzee Randa aliinua kiganja kutunyamazisha, akatugeuzia mgongo.

– Hakuna kitu, mwanangu, alimwambia binti yake. Ni watu tu wa hapa. Endelea. Nakusikiliza.