Weka Mkono Kwanza: Wasifu wa Marehemu Shyaka Gerald, Fundi wa Viti

Padri, wazee wetu, majirani wa Gahanga, mafundi wenzake wa Nyabugogo, na nyote mliosimama juani tangu asubuhi mkitungoja, poleni sana. Mimi ni Mukunde, dada mdogo wa marehemu. Najua mnajiuliza kwa nini jeneza limechelewa kufika. Nitawaeleza nikifika huko, na nikishaeleza, atakayekuwa bado na hasira anifuate mimi, asimfuate mjane. Programu mliyo nayo ilichapwa juzi, Alhamisi. Ya leo asubuhi hayamo.

Shyaka Gerald alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 huko Kayanga, Karagwe, nchini Tanzania, mtoto wa tatu wa Mzee Kamanzi na Mama Leah, waliokuwa wakimbizi huko. Tulilala watoto wanne kwenye godoro moja la majani. Wengine tulikuwa tukijitupa tu na kukoroma. Yeye alipiga magoti kwanza akalinusa godoro pembe hadi pembe, kisha akatangaza nani amelikojolea. Hakukosea hata mara moja, nami nilimchukia kwa hilo. Siku moja mama alirudi kutoka shambani akakuta godoro limepasuliwa na majani yameanikwa uani. Alimchapa vizuri tu. Usiku ule tulilala kwenye majani makavu, na mama mwenyewe akakiri kwamba chumba hakinuki tena.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Karagwe, akamaliza darasa la saba mwaka 1981. Mwaka 1983 alikwenda Mwanza kujifunza ushonaji wa viti vya magari kwa Mzee Zuberi, mtu mpole, mcha Mungu, na fundi wa haraka kupita kiasi. Pale kwa Mzee Zuberi kiti kilichochakaa hakikufunguliwa. Kilivishwa nguo mpya juu ya ile ya zamani, basi. Kaka yangu alipewa kiti cha basi kilichokuwa kimelowa, hakuna aliyejua kimelowa nini. Akauliza, "Tusikikaushe kwanza?" Akajibiwa, "Funika tu, kijana. Hakuna atakayeona." Akakifunika kwa leksini nyekundu, ile ngozi ya bandia, mshono umenyooka, mwenye basi akasifu. Wiki chache baadaye bibi mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Musoma aliruka kutoka kwenye kiti kile akipiga kelele. Funza walikuwa wanatokea kwenye mshono.

Samahani Padri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Funza, mmoja mmoja, kwenye ule mshono ulionyooka. Kaka alinisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alitema mate pembeni kama vile ameonja. Alisema mkono wake ndio ulioushona uozo ule ndani. Tangu siku hiyo, maneno "hakuna atakayeona" yalimtia kichefuchefu. Si kwa mfano. Nilimwona akitoka nje kutapika.

Alirudi nyumbani Rwanda mwaka 1995, akafungua karakana Nyabugogo, karibu na stendi ya mabasi. Kazi ilikuwa tele. Nilikuwa nikimpelekea chakula na kukuta hawezi kukila, kwa sababu ametoka kufungua kiti. Sitawatajia yote yaliyokuwamo. Maziwa ya watoto yaliyoganda, matapishi ya barabara ya milimani, nywele, maganda ya karanga, bazoka zilizotafunwa na kubandikwa chini na watu wazima wenye tai. Sisi wanadamu ni wachafu, ndugu zangu. Tunapiga deki sebule ili mgeni aone, halafu makombo tunayasukuma chini ya kochi.

Ndipo alipoweka sharti ambalo wengi wenu mnalijua, na baadhi yenu mlimkimbia kwa sababu yake. Hakushona juu ya kitu cha zamani. Alivua kiti mpaka chuma. Na kabla hajakivua, alikipasua kidogo ubavuni, akamwita mwenye gari, akamwambia, "Weka mkono." Mwenye gari lazima auingize mkono wake mwenyewe ndani ya kiti chake, aguse alichokuwa akikikalia. Asiyetaka, alirudishiwa ufunguo. Wateja walisema ana kichaa. Wengine walivuka barabara wakashonewa kwa siku moja kwa fundi mwingine. Wapo hapa, ninawaona, na viti vyao nimevikalia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Alifunga ndoa na Mukandekezi Pudentienne, wifi yangu huyu, Jumamosi tarehe 16 Agosti 1997, katika parokia ya Remera. Kwenye sherehe kulikuwa na kochi la maharusi la kukodi, limevikwa kitambaa cheupe na mafundo ya dhahabu. Bwana harusi alipofika mbele yake hakuketi. Alinusa. Kisha, mbele ya wakwe, akainua kitambaa, akatia mkono, akatoa kiota cha panya chenye wenyewe ndani! Shangazi zetu walikimbia kila mmoja na upande wake. Sherehe ilisimama, maharusi wakaletewa viti vya plastiki, tukala wali uliopoa. Mama mkwe hakumsemesha mpaka Krismasi. Lakini Pudentienne alituambia baadaye kwamba pale ndipo alipojua ameolewa na nani. Aliingia karakana mwezi uliofuata na kujifunza sindano, na wakashona pamoja hadi mwisho. Mwaka 2013 walihamishia karakana Gahanga, nyuma ya nyumba yao.

Marehemu alianza kuugua Oktoba 2023. Ilikuwa kikohozi, kisha pumzi ikawa fupi. Daktari alisema mapafu yamechoka kwa mvuke wa gundi na vumbi la sponji kuukuu. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Vumbi lile lilikuwa la watu wengine. Uchafu wenu, uchafu wetu, alikuwa akiutoa kwenye viti na kuuvuta kifuani mwake. Tulimwomba aache. Akapunguza mabasi, akasema anangoja kazi moja nzuri ya kufungia.

Kazi hiyo ililetwa Machi 2024 na Bwana Kamau, mfanyabiashara wa matairi, Mkenya anayeishi Remera. Yule pale, mwenye koti la kijivu. Alikuja na gari dogo la spoti, jekundu, la milango miwili, la miaka mingi, aliloachiwa na baba yake. Kwa nje lilikuwa linang'aa. Viti ndiyo aibu. Gari lile liko chini sana, mtu haingii, anajitupa, kwa hiyo ubavu wa kiti cha dereva ulikuwa umesagwa na mapaja ya watu mpaka umelala. Juu ya ngozi ya asili fundi fulani alikuwa amevisha leksini, na chini ya leksini amesindilia kipande cha godoro.

"Fundi, mimi nataka tu ikae poa juu," Kamau alisema. "Ndani wacha tu. Hakuna mtu ataona."

Kaka akatoka nje. Aliporudi alikuwa amefuta mdomo. "Weka mkono," akasema.

"Ai, mzee! Na hii shati?"

"Kunja mikono ya hiyo shati. Hii kiti iko na mtu ndani anaoza. Weka mkono, ama peleka gari yako."

Kamau alipeleka gari lake. Baada ya siku chache akarudi, amevaa fulana. Alieleza kwamba kila alipokaa alihisi kitu kinamgusa. Akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa unga wa kahawia, mikanda ya mpira iliyokatika, na mwisho mfupa wa mbuzi uliokuwa umeota ukungu kama manyoya. Alikwenda kutapika kwenye ua wa jirani. Wifi alimpa maji. Kuanzia siku hiyo hawakuachana, yeye na kaka. Kila Jumamosi alikuja kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamshikia taa, akamtafutia ngozi.

Kaka alitaka jambo moja tu, nalo alilisema wazi: amalize viti vyote viwili, kisha aweke sindano chini. Cha dereva alikivua mpaka chuma, akafunga mikanda mipya ya mpira, akachonga sponji kwa kisu, kipande kwa kipande, ubavu ukasimama tena. Alishona dakika chache, akapumzika kwa muda mrefu kuliko alivyoshona. Kiliisha Desemba. Kamau alipokikalia alisema, "Hapa ndipo baba alikuwa anakaa." Kiti cha abiria kilibaki chuma. Sponji yake ilikuwa imechongwa, ngozi yake imekatwa, haijashonwa. Marehemu alilazwa mwishoni mwa Januari, akafariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, Pudentienne akiwa amemshika mkono.

Sasa ya leo.

Jeneza lilifika Gahanga asubuhi, tupu, kabla hatujaenda kumchukua hospitali. Zuri sana, mbao zimepigwa vanishi, ndani satini nyeupe yenye mikunjo, mto wenye lesi. Duka sitalitaja, kwa sababu Padri yuko hapa na lugha yangu haitakuwa ya mazishini. Watu walilisifu. Wifi alilisogelea. Aliukandamiza mto kwa kiganja, na mto ukalia, kauu, kauu, kama karatasi. Akamtazama binamu yetu Thomas, mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

"Thomas. Weka mkono."

"Mama Uwera, wapi! Watu wanangoja makaburini Rusororo. Padri anangoja."

"Weka mkono."

"Ndakwinginze, shemeji, nakuomba. Yeye anaenda udongoni. Ni nani ataona?"

Hata Thomas mwenyewe alisikia alichokisema. Wifi alichukua mkasi kutoka karakana, akaipasua satini ubavuni, kidogo tu, kama alivyofundishwa. Thomas akakunja mkono wa shati la msiba, akaingiza. Alitoa maranda ya mbao yaliyolowa na kufanya ukungu. Akatoa mifuko ya saruji iliyochanwa. Akatoa kipande cha godoro chenye duara la kahawia, na nyote mna watoto, mnajua duara lile ni la nini.

"Mana yanjye, Mungu wangu," Thomas alisema. "Ni umwanda. Ni uchafu mtupu."

Nimewahi kuona vinyaa, lakini vya watu wazembe. Hiki mtu alikaa, akachagua, akakikunja, akakifunikia satini na lesi, akijua kabisa ni kitanda cha maiti. Alijua kwamba mteja huyu hatarudi kulalamika. Nasema mbele ya kaburi: naona kinyaa. Na humo angelala mtu aliyekufa kwa kuuvuta uchafu wa watu ili wasiulalie.

Tulilivua jeneza lile mpaka ubao. Tukalifuta, tukalianika juani, nanyi mkawa mnangoja. Sponji mpya haikuwapo, ila moja. Wifi alimtazama Kamau. Kamau ndiye aliyeingia karakana, akatoka amekumbatia sponji ya kiti cha abiria na ile ngozi nyekundu. "Alishaikata," akasema. "Si mshone tu." Wifi alishona kwa mkono, mabinti zake Uwera na Kaliza wakivuta ngozi pembeni, Thomas ameshika uzi. Mshono si mzuri, wifi alikuwa analia. Umepinda sehemu mbili, kaka angeufumua.

Kwa hiyo mtusamehe. Siku ya harusi yake mlikula wali uliopoa, na leo mmekaushwa na jua, na sababu ni ileile.

Marehemu ameacha mjane, Mukandekezi Pudentienne. Mabinti wawili, Uwera na Kaliza. Dada mmoja, mimi Mukunde. Wapwa na majirani wengi. Mafundi aliowafundisha, ambao nawaomba wasimwaibishe. Na rafiki, Bwana Kamau, ambaye amekuja hapa akiendesha gari lenye kiti kimoja.

Kabla ya kufunga jeneza, kila mmoja wetu aliingiza mkono chini yake. Apumzike, kaka yetu. Ni pakavu, ni pasafi. Tumegusa wenyewe.