Desmond Tranter na Mipira ya Breki Aliyoikata

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Desmond Arthur Tranter alichukua mpira mmoja wa breki, ule mrija wa kupitishia mafuta, kutoka rafuni, akaukunja kwa vidole na kuusogeza sikioni. Ukitoa sauti ya kupasuka, hata ndogo kama ya jani kavu, aliutupa. Ukikaa kimya, aliurudisha mahali pake, ndipo akawasha birika la chai.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Halesowen, Uingereza, mtoto wa tatu wa Arthur Tranter, mfua minyororo, na mkewe Elsie. Alisoma shule ya kanisa iliyokuwa jirani na kwao na kuimaliza mwaka 1953. Mwalimu wake alipomkuta akichora gia pembezoni mwa kitabu cha sala, alimwambia atakuja kuwa fundi. Hakuwa fundi. Mikono yake, alivyosema mwenyewe, ilijua kutunza vitu kuliko kuvitengeneza.

Mwaka huohuo aliajiriwa stoo ya vipuri kwa wakala wa magari ya Moris huko Kidderminster. Ukiondoa miaka miwili ya jeshi, alikaa hapo hadi 1974, wakala alipotaka kutupa vipuri vya magari ambayo hayakuwa yakiundwa tena. Desmond aliviomba, akavipanga katika banda nyuma ya nyumba yake mjini Stourport. Hivyo ndivyo duka lake lilivyoanza. Wenye Moris za zamani walimpigia simu kutoka kila pembe ya Uingereza. Hawakumwuliza kama kipuri ni kizima. Walimwuliza tu kama anacho.

Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na Glenys Probert katika kanisa dogo la Kimethodisti huko Llandrindod. Gari la maharusi liligoma kuwaka, nao wakaenda ukumbini kwa miguu chini ya mvua. "Nimeolewa na mtu wa spea," bibi harusi aliwatangazia wageni, gauni likidondosha maji, "na spea yenyewe hana!" Walijaliwa binti mmoja, Alison.

Mwaka 1989 Norman Gethin wa Ludlow, tarishi mstaafu na mteja wa tangu duka lilipoanza, aliagiza mpira wa breki wa zamani ambao haujawahi kutumika, ukiwa bado katika boksi lake la kiwandani. Alikuwa akipeleka gari kwenye maonyesho ya chama chao, ambako majaji hupunguza alama wakiona mpira mpya. Desmond alikuwa nao, akampa. Wakati huo hakuwa na desturi ya kukunja wala kusikiliza. Boksi safi lilimtosha. Kwenye mteremko wa Clee Hill mpira ulipasuka, gari likagonga ukuta, na Bi. Eunice, mkewe Norman, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo hutembea kwa fimbo.

Norman alipopiga simu, hakupiga kulaumu. Alitaka mwingine kama ule.

"Nadhani niliusokota wakati wa kuufunga," alisema. "Nimemlemaza mke wangu kwa mikono yangu hii, Des."

Desmond alimwomba autume ule uliopasuka. Ulipofika aliupasua kwa kisu juu ya meza ya jikoni. Haukuwa na alama ya kusokotwa. Ulikuwa umeoza ndani kwa uzee tu.

"Mwenyewe kashasema kosa ni lake," Glenys alimwambia. "Ukienda kusema vingine, duka tumefunga. Tutakula maboksi?"

"Tutakula viazi," alijibu Desmond, akachukua koti.

Huko Ludlow, kazi ilikuwa kumfanya Norman asadiki.

"Haiwezekani," alisema Norman. "Umetoka kwako huu."

"Umetoka kwangu, na umeoza. Hebu tazama."

"Labda niliukaza mno."

"Norman, jamani, ungeufunga malaika ungepasuka vilevile!"

Bi. Eunice ndiye aliyeyamaliza, kutoka kwenye kiti chake. "Norman, hebu nyamaza. Tangu ile ajali hulali, na mimi hunipi nafasi ya kulala. Mwenzio kaja kuchukua mzigo wake, mwachie. Weka maji ya chai."

Kesho yake Desmond alikata kwa mkasi wa kukatia bati kila mpira wa zamani uliokuwa dukani, na kila mteja aliyepiga simu alimweleza sababu. Wengine walikuja juu. "Unakata historia, wewe mzee!" mmoja alimfokea mlangoni. Desmond alimpa boksi tupu. "Historia hii hapa, kaionyeshe kwa majaji. Breki nunua mpya."

Alitegemea wateja wapungue. Wakaongezeka. Sasa waliambiana kwamba kitu kikitoka kwa Des hakuna haja ya kukitazama mara mbili, na maneno hayo yalimwelemea. Walivyoacha kutazama wao, ndivyo alivyozidi kutazama yeye. Likizo zilikoma. Chakula cha mchana kilipoa mezani huku simu ikilia. Norman naye alinunua kwake hadi alipofariki mwaka 2006. Glenys alipofariki mwaka 2014, wapo waliotoa pole makaburini na papo hapo wakaulizia taa za nyuma.

Mwaka 2021 mapafu yake yalianza kushindwa. Aliendelea kupokea simu akiwa na mrija wa hewa puani, mpaka Alison alipoichomoa simu ukutani. Aliaga dunia nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 85.

Ameacha binti yake Alison na mkwewe Clive Beddoes, mjukuu wake Bethan, dada yake Winifred, na Bi. Eunice Gethin, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu.

Siku chache kabla Desmond hajafariki, Bethan alikaa kando ya kitanda chake akamwuliza swali moja.

"Babu, siku ile uliyokwenda kwa Norman, kama yeye na wateja wote wangekukimbia, ungefanya nini?"

Alivuta pumzi, akangoja irudi.

"Ningepumzika, mama."