Yustina Warsini na Mama Asiyetaka Kushuka Mlimani

Padri wetu, ndugu waombolezaji, kina mama mliotoka Houston alfajiri ili muwahi hapa Cedar Hill, na ninyi mnaotutazama kwa simu kutoka Nandi na kutoka Java, familia imenituma mimi Elphas, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu Yustina Warsini, na kwa kuwa Yustina hakupenda mambo ya kufunikwa, yatasomwa jinsi yalivyokuwa.

Yustina alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 katika kitongoji cha Karangduwur, kwenye mteremko wa kusini wa mlima Merapi, kisiwani Java, nchini Indonesia, akiwa kifungua mimba wa Mzee Wagiran, aliyefariki mwaka 1994, na Mama Painem, ambaye yu hai. Mlima huo ni wa moto, na watu wa kwao hawapendi kuutaja kwa jina, huuita Babu, kwa heshima na kwa woga pia, maana majivu yake ndiyo yanayorutubisha mashamba yao na ndiyo yanayowazika. Kila nyumba ina ng'ombe zizini, na ng'ombe hao hawaendi malishoni, hukatiwa majani na kubebewa mgongoni asubuhi na jioni, jua liwake au mvua inyeshe, na Yustina alianza kubeba mzigo wake wa majani kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule ya msingi ya kitongojini kuanzia mwaka 1979, akaendelea na sekondari ya masista bondeni, kisha chuo cha uuguzi mjini Yogyakarta, alikohitimu mwaka 1994, miezi michache baada ya kumzika baba yake. Enzi hizo kijana wa Karangduwur alikuwa ama akate majani, ama apakie mchanga wa mlima kwenye malori, ama aondoke, na Yustina akaondoka, akamwacha mama pamoja na mdogo wake wa kiume, Ngadiman, ambaye siku hizi anawaendesha watalii kwa gari aina ya jeep juu ya mawe yaliyozika mashamba ya majirani zake.

Alifanya kazi Yogyakarta, kisha Kuwait kuanzia mwaka 1996, na tarehe 2 Juni 1999 aliingia Houston, jimbo la Texas, hapa Marekani, akaajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akapanga chumba mtaa wa Gulfton pamoja na wauguzi wenzake, na ni huko kanisani alikokutana na ndugu yetu Kimutai, wakati huo mwanafunzi mwembamba mwenye koti moja. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 2001, Mungu akawajalia Chepngetich mwaka 2003 na Kiplagat mwaka 2006, wakahamia hapa Cedar Hill, na Yustina akahudumu katika hospitali moja ya Fort Worth hadi ugonjwa ulipomtoa kazini. Kiswahili alikijulia kwetu, akakiongea bila kumwogopa mtu, na pilipili aliyoisaga kwenye kijiwe chake cha Java iliwatoa machozi wazee wa ukoo wetu ambao hatukuwahi kuwaona wakilia hata msibani.

Sasa tufike mwaka 2010, kwa sababu aliyemjua Yustina bila kuujua mwaka huo hakumjua. Mwishoni mwa Oktoba Babu aliamka, kitongoji kizima kikahamishiwa kambini bondeni, na Mama Painem pamoja nao, lakini kila asubuhi mama alikuwa anaponyoka na wenzake kupanda tena kukata majani, kwa sababu ng'ombe walibaki juu na ng'ombe hajui habari za kambi. Huku Cedar Hill Yustina hakuwa wa kula wala wa kulala, simu haikumtoka mkononi, alibembeleza, alilia, alifoka, na mama hakusikia. Ndipo akamwagiza Ngadiman amtoe ng'ombe wa mama, aliyekuwa mmoja tu, kimyakimya, akamfiche kwa rafiki bondeni, na mama asiambiwe neno, kwa hesabu kwamba bila ng'ombe mama hana la kupandia.

Asubuhi ya tarehe 3 Novemba mama alipanda na mundu wake kama kawaida, akakuta zizi tupu, akadhani ng'ombe amejing'oa kwa hofu ya ngurumo, akaanza kumtafuta, na hakuelekea chini, alizidi kupanda, kwenye majani mabichi ambako ng'ombe angekimbilia. Ngadiman aligundua kwamba mama hayuko kambini wakati njia zilikuwa zimeshafungwa, na alasiri ile mlima ukalipuka. Yustina alipata habari akiwa zamuni Fort Worth, akawahudumia wagonjwa wake hadi zamu ikaisha, akaingia kwenye gari, akashika usukani na kushindwa kuliwasha. Aliwahi kusema kwamba pale kwenye maegesho alishaanza kumwombea mama yake kama mtu aliyekufa, na kwamba aliyemuua ni yeye.

Jirani mmoja, Mzee Wakijo, ndiye aliyemwona mama jioni hiyo njiani, mwili mzima wa kijivu, nyayo zimeungua, mzigo wa majani bado mgongoni, akamshusha hadi kambini. Huko Ngadiman alimwambia mama ng'ombe alifichwa wapi na kwa agizo la nani, na mama alipopewa simu azungumze na Yustina hakusalimia. “Ukitaka nishuke,” alisema, “niambie mimi. Usipitie kwa ng'ombe.”

Maneno hayo Yustina hakuyasahau, na tangu hapo hakumzunguka mama yake tena kwa jambo lolote, kila Jumapili alimpigia akamwomba waziwazi ashuke, na mama akakataa waziwazi. Serikali iliwajengea nyumba za saruji mbali na moto, mama akapewa yake, akaifanya ghala la mahindi, akarudi juu kwenye nyumba yake ya kuta za mianzi. Mwaka ambao king'ora cha kimbunga kilitufungia sote ndani ya kabati la nguo hapa Cedar Hill, mama alisikia habari akauliza kwa nini watu wenye akili wanaishi mahali ambapo upepo unang'oa nyumba, na wanangoja nini kuhama, na Yustina alicheka hadi akakaa chini.

Tarehe 11 Februari mwaka huu wa 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akawa anatibiwa Houston, akilala Gulfton kwa rafiki zake Diane na Nestor. Sisi wanaume wa familia tulikaa tukaamua Mama Painem asiambiwe, kwa umri wake, na kwa kuwa mlima umekuwa ukifuka tena miaka hii, na kwetu mzee hapelekewi habari kama hizo kwa simu. Yustina alipolisikia aliinuka kitandani kwa hasira ambayo hatukujua angali nayo. “Mama ataambiwa na mimi,” alisema. “Nilishamficha kitu mara moja.”

Akapiga simu ya video, akavua kitambaa kichwani mama aone, akamweleza yote, kisha akamwomba ashuke, ili yeye asife huku macho yake yako mlimani. Mama akauliza kama huku Yustina anapikiwa uji wa mchele sawasawa. Kuanzia siku hiyo, kila Jumapili, kabla ya salamu Yustina alitazama kwanza nyuma ya mama yake aone ni ukuta gani, na kila Jumapili ukawa wa mianzi, na tuliokaa naye chumbani tuliumia kumwona akitazama.

Yustina alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, hapa nyumbani, mume na watoto wakiwa wamemshika. Ngadiman hakutuma mtu, alipanda mwenyewe kwa miguu akamwambia mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Houston, wafanyakazi wenzake wa Fort Worth waliomlea kama walivyolelewa naye, Diane na Nestor waliompa chumba chao wakalala sebuleni, majirani wa Cedar Hill, jumuiya yetu ya kanisa, na Mzee Wakijo, ambaye bila yeye tungesoma historia nyingine.

Limebaki jambo moja, na tunamwambia Yustina mwenyewe. Shemeji, mama alipoambiwa alikwenda zizini, akamfungua ng'ombe, akamshika kamba, akashuka naye hadi bondeni bila kumruhusu Ngadiman amsaidie. Kama atapanda tena hatujui, na hakuna aliyethubutu kumwuliza, na tunaumia kwamba amechelewa na wewe hukuona. Lakini simu iko mkononi mwa Chepngetich, mama yako anakutazama saa hii, na nyuma yake ukuta ni wa saruji. Macho yako yatoke mlimani sasa, Yustina, upumzike kwa amani.