Mama Marguerite na Weusi wa Aina Mbili

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Marguerite Ndayiragije anastaafu kazi ya ukalimani na elimu ya afya katika Kliniki ya Uzazi ya Ebeneza, hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, baada ya utumishi wa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo amezungumza juu ya jambo moja kuliko mtu mwingine yeyote wilayani Dowa, na kwa kuwa wasifu huu utasomwa mbele ya wachungaji, wageni na watu wanaokula, ni vema tulitaje mapema ili kila mtu ajipange: choo kikubwa cha wajawazito, hasa rangi yake.

Mama Marguerite hakuomba kazi hii. Alifika Dzaleka kutoka Burundi akiwa na ujauzito wa kitinda mimba wake, Benedicte. Kliniki ikampa vidonge vya kuongeza damu, naye akavinywa kama alivyoagizwa. Siku chache baadaye akaona choo chake kimekuwa cheusi kama makaa. Hakumwambia mtu. Aliamini mtoto ameharibika tumboni, au wazungu wa dawa wamekosea chupa, akavitupa vyote chooni. Alipojifungua alivuja damu, na damu yenyewe haikuwa nyingi ya kuvuja. Alikimbizwa Lilongwe, akaongezewa damu ya watu asiowajua, akarudi na mtoto mzima na hasira nzima.

Alipopata nguvu ya kutembea alikuja moja kwa moja kwa mkunga wetu wa wakati ule, mtoto mgongoni.

“Kwa nini hamukuniambia kama bile bidonge binageuza choo?”

“Hukuuliza,” akajibu mkunga, ambaye alikuwa na wajawazito wengi mlangoni na hakuwa mtu wa maneno.

“Sawa. Sasa mi nitakuwa nauliza.”

Mwezi uliofuata alikuwa mfanyakazi.

Wapo wanaodhani ukalimani ni kazi nyepesi. Kabla yake, ulifanywa na yeyote aliyekuwa karibu. Kuna muuguzi mgeni aliyetaka kujua rangi ya choo cha mama mmoja, akauliza kwa Kiingereza, na mkalimani wa siku ile alikuwa fundi aliyekuja kuziba paa. Kwa Kiingereza neno la choo ndilo hilo hilo la kigoda. Fundi akamwuliza mama kigoda chake kina rangi gani. Mama akajibu kwa furaha kwamba ni cha buluu, mume wake alikipaka kabla ya Noeli. Mama huyo alipelekwa kupimwa. Hakuonekana na ugonjwa wowote.

Mama Marguerite alianza kwa adabu. Katika somo lake la kwanza mbele ya benchi la wajawazito alisema “haja kubwa”, na akina mama wote wakaitikia kwa kichwa. Mmoja alidhani anazungumzia shida kubwa, akaanza kueleza habari za mwenye nyumba. Somo la pili alisema “mavi”. Mchungaji Jean-Baptiste, aliyekuwa amekuja kufungua kwa sala, alikohoa kwa muda mrefu, lakini akina mama walielewa. Tangu siku hiyo ndilo neno alilolitumia, na leo tu, kwa heshima ya sherehe, tunaendelea na “choo”.

Baadaye aliona maneno hayatoshi. Alikwenda kwa mafundi cherehani akaomba vipande vya vitambaa, akavishona mstari mmoja juu ya gunia na kulitundika ukutani. Kahawia ni kawaida. Kijani mara nyingi ni mboga za majani, au vidonge vile vile vya damu; kikija na kuharisha na homa, njoo. Chekundu: kumbuka kwanza kama ulikula bitiruti, kama hukula, basi ni damu, huenda ya bawasiri, ambayo wajawazito wengi hupata wakifunga choo, lakini usijipimie nyumbani, njoo tuangalie. Cheupe kama unga wa nsima, ugali wa hapa, na viganja vinawasha, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi: usingoje siku ya kliniki, njoo leo, huenda ni ini. Cheusi, kama unakunywa vidonge vya damu: usiogope, endelea kunywa.

Wakati mmoja mgeni wa wafadhili alisimama mbele ya gunia hilo kwa muda, akavigusa vitambaa kimoja kimoja, akasifu ubunifu wa wanawake wakimbizi na kuuliza kazi hii inaonyesha nini. Mama Marguerite alimweleza. Mgeni aliurudisha mkono wake mfukoni na ziara ikaendelea.

Mimi niandikaye ndiye ninayegawa dawa katika kliniki hii, kwa hiyo naweza kushuhudia kwamba vidonge vilianza kunywewa. Wanawake waliokuwa wakivitupa sasa walikuja kudai vikichelewa. Mabinti waliosikia somo kwa mama zao walikuja wakiwa wanalijua. “Nyeusi ni nzuri” ikawa salamu ya benchi. Tulijivuna, na yeye alijivuna kuliko sisi, jambo ambalo hakulificha.

Kisha akaja Esperance Niyibizi.

Esperance aliuza nyanya gulioni Madisi, na mumewe Olivier aliendesha kabaza, akibeba abiria kwa baiskeli. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Asubuhi ile ya mwaka 2019 Mama Marguerite alipita kwenye benchi akiuliza kila mmoja swali lake la siku zote, na alipomfikia Esperance, huyu akajibu kwa sauti ya mwanafunzi aliyesoma:

“Nyeusi, mama. Nyeusi kabisa. Njo vile ulitufundisha.”

Benchi likapiga makofi. Mama Marguerite akamsifu, akaenda kwa anayefuata. Zamu ya Esperance kupimwa uzito ilipofika, alisimama, akashika ukuta, akabaki ameushika. Mama Marguerite aligeuka, akamtazama, akarudi.

“Weye, bidonge bya damu unakunywa?”

“Aa, nilibiacha. Binanitapisha. Ni mwezi sasa.”

“Mwezi?”

“Mwezi, mama.”

“Sasa iyo weusi inatoka wapi?”

Waliokuwa wakipiga makofi waliweka mikono mapajani.

“Inanata?” akauliza Mama Marguerite, sasa kwa sauti ya chini.

“Kama gudroni, lami ya barabara.”

“Na harufu?”

“Olivier alihamia kwa ndugu yake.”

Ikajulikana hapo hapo kwamba mgongo ulikuwa ukimwuma Esperance kwa sababu ya kubeba makreti ya nyanya, na kwamba kila alipokwenda Lilongwe alinunua vidonge vya maumivu kwenye meza moja ya barabarani Mchesi, vya rangi nzuri, akavinywa asubuhi na jioni, mara nyingi kabla ya kula. Mkunga wetu Gabriella alimfunua kope la chini: jeupe. Alimpima presha, akapima tena kwa kuwa hakuipenda ya kwanza, na ya pili hakuipenda hata kidogo.

“Anavuja damu ndani ya tumbo,” akasema. “Twende Lilongwe.”

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kwingine. Palikuwa na pikapu ya kanisa, imejaa viti vya plastiki vya harusi. Viti vilishushwa barabarani. Mwenye harusi alilalamika, kisha akamwona Esperance akibebwa, akasaidia kushusha. Mgonjwa alilazwa nyuma juu ya godoro, Gabriella upande mmoja akishika dripu, Mama Marguerite upande wa pili akishika mkono. Olivier alifuata kwa baiskeli mpaka njia panda, akakubali kwamba Lilongwe ni mbali, akapanda minibasi.

Yaliyofuata Gabriella alitusimulia baadaye. Hospitalini Mama Marguerite alifanya kazi yake: kila alichouliza daktari alikigeuza kwa Kirundi, kila alichojibu Esperance alikirudisha, bila kupunguza harufu wala kunata. Esperance alipochukuliwa ndani, Mama Marguerite alikaa sakafuni kwenye korido, ingawa benchi lilikuwepo.

“Mi njo nilimufundisha asiogope,” alisema.

Gabriella, ambaye ni mzaliwa wa Dowa na Kiswahili chake amekiokota kwetu, alikaa karibu naye na sare yake nyeupe.

“Ulimfundisha vizuri,” alisema. “Lakini nusu.”

“Akikufa?”

“Akifa tutalia. Asipokufa utamfundisha ile nusu ingine.”

Hakufa. Madaktari walikuta kidonda tumboni, kilichochimbwa na vidonge vile vya maumivu, wakakizuia kisivuje, wakamwongezea damu. Olivier alitoa ya kwake pia, kisha akazunguka wodini akiwaeleza watu wasiomwuliza kwamba ni ya kwake. Moyo wa mtoto ulikuwa unadunda kama kawaida. Miezi miwili baadaye Esperance alijifungua hapa kwetu, mtoto wa kike mwenye sauti ambayo ilisikika hadi sokoni.

Lakini kazi ya Mama Marguerite ilianza upya kesho yake, si baada ya miezi miwili. Alirudi kutoka Lilongwe na nguo zile zile, akakichana kile kitambaa cheusi kutoka kwenye gunia. Mahali pake alishona viwili. Kimoja ni cha kawaida, kikavu, kisichong’aa: huu ni weusi wa vidonge vya damu. Cha pili ni cha ngozi ya viti vya gari, kinachong’aa na kunata vidoleni: huu ni weusi wa damu yenyewe, iliyotoka juu tumboni ikapikwa njiani. Na swali la benchi, ambalo lilikuwa moja, likawa mawili: choo chako kikoje, na unakunywa dawa gani? Akaongeza kwamba choo kikinata kama lami na kunuka vibaya, au kizunguzungu kikija nacho, uje hata kama vidonge vya damu unavinywa, kwa sababu mtu anaweza kuwa na weusi wote wawili kwa pamoja.

Halafu akachukua kabaza, akaanza kuzunguka kwa kila mama aliyepiga makofi asubuhi ile, na kwa kila mama mwingine aliyewahi kuambiwa naye kwamba nyeusi ni nzuri na bado alikuwa na mimba. Si wote waliomkaribisha. Mmoja alimsimamisha mlangoni.

“Jana nyeusi ni nzuri, leo nyeusi ni mubaya. Kesho utasema nini?”

“Kesho nitasema kama leo,” akajibu. “Jana nilisema nusu. Nimekuletea ile ingine. Naweza kuingia?”

Akaingia. Alikaa huko hadi chai.

Zikabaki nyumba za mbali, ndipo akamwendea Mchungaji Jean-Baptiste kuomba dakika chache baada ya mahubiri. Mchungaji aliomba apewe maneno ya kutangaza ambayo mdomo wake ungeyaweza. Jumapili akatangaza kwamba Mama Marguerite ana neno fupi kuhusu rangi. Washirika waliodhani ni rangi ya sare mpya za kwaya walibaki wote, wakiwemo wanaume. Hawakuambiwa lolote kuhusu sare. Lakini Jumatatu iliyofuata wanaume wawili walikuja kliniki, kila mmoja peke yake na kila mmoja akisema ametumwa na rafiki, kuuliza juu ya ule weusi wa pili. Mmoja wao alihitaji kweli kwenda Lilongwe, akaenda. Hakuwa mjamzito, na tuliandika hivyo.

Haitakuwa haki kusema kwamba Mama Marguerite hana dosari. Anaimba sauti ya tatu katika kwaya yenye sauti mbili. Kalamu ikiingia mkononi mwake haionekani tena. Amenitangazia mbele ya wagonjwa, zaidi ya mara moja, kwamba nikigawa vidonge vya damu nisiwaache watu wavinywe na chai, kwa kuwa chai inaizuia damu isiongezeke, na amefanya hivyo huku akinywa chai. Na mezani ana swali ambalo hapaswi kuuliza mtu anapokula, ambalo tumezoea kulijibu.

Nafasi yake inachukuliwa na Arlène Irangabiye, aliyekuwa akifundishwa naye tangu mwaka jana. Wiki iliyopita Arlène alisimama mbele ya benchi kwa mara ya kwanza bila msaada. Mama Marguerite alikaa nyuma kabisa, tayari kuingilia. Palikuwa na binti mgeni, amefika kutoka Fizi siku chache tu zilizopita, na swali lilipomfikia alifunika uso kwa kitenge. Arlène alifungua mdomo amtulize, lakini hakupata nafasi. Mama aliyekaa kando ya binti huyo alimgusa bega.

“Sema tu, dada. Hapa tunasemaka.”

“Hata mi nilionaka haya,” akasema wa pili. “Anza na rangi, ingine itakuja.”

Na benchi zima likaanza kumweleza, kila mmoja choo chake, kwa kirefu, na maswali yote mawili, hadi binti akakitoa kitenge usoni akacheka, akasema. Tulipotazama nyuma kiti cha Mama Marguerite kilikuwa kitupu. Tulimkuta jikoni anaosha vikombe vya watu wote, akiimba ile sauti ya tatu.

Mama Marguerite, Ebeneza nzima inakushukuru: kwa kuuliza, kwa kurudi kuuliza tena, na kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba ukibeba ile nusu nyingine. Sasa lala hadi jua litoke, panda maharagwe yako, imba upendavyo. Tunakuombea maisha marefu yenye amani, afya njema, na choo cha kahawia.

Honoré Gakiza,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kliniki ya Uzazi ya Ebeneza