Mzee Rashid na Vichwa vya Watoto wa Gakithi

Mzee Rashid Idrisi amefanya kazi ya dresa, mfunga vidonda, kwa miaka thelathini na moja, na Jumamosi, tarehe 31 Oktoba 1959, atavua aproni yake kwa mara ya mwisho katika zahanati yetu ya Gakithi. Aliingia kazini mwaka wa 1928 kule Gachoka, kijana wa Embu mjini, mtoto wa mchinjaji. Baba yake alitaka ashike kisu cha buchani. Yeye akashika bandeji.

Huku kwetu juu aliletwa 1951, kabla ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali. Vidonda ameosha, meno ameng'oa, hata punda wa mwalimu amemfunga mguu. Lakini muulize mama yeyote hapa Mzee Rashid ni nani, atakwambia ni yule wa mafuta ya mapunye.

Serikali ilipotuhamisha na kutuingiza katika kijiji kimoja chenye handaki na seng'enge, watoto walilala pamoja, wakavaliana kofia, wakaambukizana mapunye. Vichwa vilijaa mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zikikatika. Dawa ilikuwapo: unga mweupe ambao Mzee Rashid huukoroga ndani ya vaselini juu ya kioo, polepole, mpaka usisikie chembe hata moja kati ya vidole. Halafu barabara zikafungwa, vaselini ikakosekana.

Akamwomba ndugu yake Jumaa, mwenye bucha Embu, mafuta ya kondoo. Akayayeyusha, akayachuja, akatia unga. Kumbe alisahau kwamba Gakithi si Gachoka kwenye joto! Baridi ya asubuhi ilipopiga, mafuta yaliganda vichwani kama mishumaa, na watoto wakawa wananukia nyama choma, mbwa wa homugadi, wale askari wa kulinda kijiji, nyuma yao. Mzee Rashid alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya pili aliongeza mafuta ya mbarika tuliyomletea sisi akina mama, dawa ikalainika, na kazi ikaendelea.

Jambo ambalo sitaki lisahaulike ni la 1955. Shule ilikuwa imewakataa watoto wenye mapunye, na Bundi, mkubwa wa homugadi wetu, akatoa amri kwamba kila mtoto mgonjwa anyolewe, mama yake apende asipende. Ni kweli kwamba kichwa kilichonyolewa hupakwa dawa kwa urahisi, na wengi wetu tulikubali. Wanjira alikataa. Mume wake, Njue, alikuwa kizuizini, bila habari yoyote. Katika ukoo wa Njue mtoto hunyolewa baba akishazikwa. Baba akiwa mbali, wembe hauingii nyumbani. Kumnyoa Gacheri, binti yao wa miaka saba, kungekuwa kutangaza kwamba Njue amekufa.

Walikutana hapa barazani, sote tukiangalia.

"Mama Gacheri, ni nywele tu," Bundi alisema. "Zitaota tena."

"Zako ndizo nywele tu. Za huyu ni baba yake."

"Kwa hiyo kijiji kizima kioze vichwa kwa sababu yako?"

"Mimi nataka mume wangu arudi. Sinyoi."

Bundi akamwita askari amshike mtoto. Hapo Mzee Rashid akatoka ndani, kitana mkononi.

"Bundi, ngoja kidogo. Tangu ufike unajikuna. Hebu vua hiyo kofia."

"Mimi si mtoto, mzee."

"Mba haiulizi umri."

Watu wakaangua kicheko. Bundi akavua kofia, na mba kama unga ikamwagika mpaka mabegani. Mwingine angemwaibisha zaidi. Mzee Rashid alimketisha kwenye benchi kwa upole, akaanza kutenganisha nywele zake kwa mkia wa kitana, mstari mmoja, kisha mwingine, akipaka dawa kwenye ngozi kwa ncha ya kidole. Bundi akafumba macho kama mtoto anayeogeshwa.

"Unaona? Bila wembe inawezekana," Mzee Rashid alimwambia. "Ni kazi ndefu, lakini ni kazi yangu. Niachie huyu msichana mpaka mvua za mwezi wa kumi. Asipopona, njoo uzinyoe hizi ndevu zangu."

"Haya. Lakini ni ndevu hizo, mzee. Nitakuja na wembe."

Basi kila asubuhi, kabla ya wagonjwa, Gacheri aliketi kati ya magoti ya Mzee Rashid. Mzee alimng'oa nywele zilizokatika kwa kibanio, akamwosha kwa sabuni, akampaka mstari kwa mstari, akamfunga kitambaa kilichochemshwa. Kwa kuwa shule ilikuwa imemfungia mlango, alimfundisha herufi kutoka kwenye chupa za dawa. Siku zingine mtoto alilia, siku zingine Wanjira ndiye aliyelia. Mvua zilipofika, kichwa kilikuwa safi, na mwalimu mwenyewe akampokea darasani.

Njue alirudi mwezi wa nne mwaka huu, yeye mwenyewe akiwa amenyolewa kambini. Hakuna aliyemweleza lolote. Alipitisha mkono juu ya nywele za binti yake, akaketi mlangoni, akalia. Alijua kwamba nyumbani kwake hakuna aliyemzika.

Mzee Rashid ana mengine ambayo hayataandikwa kwenye cheti. Mtoto wangu alipokuwa mdogo, nami nikipiga deki, alimfunga mgongoni mwake na kuendelea kukoroga dawa. Wanaume walipomcheka, "Mwanaume na mtoto mgongoni!", aliwajibu, "Na nyinyi mlibebwa na nani?" Na madresa vijana wanaobaki, nawaambia bila kuficha: msikimbilie wembe. Mwulizeni mama kwanza.

Mzee Rashid, asante kwa vichwa vyote ulivyovishika kwa upole. Jumamosi Njue ndiye atakayebeba sanduku lako mpaka Embu. Amekataa kabisa kupokewa mzigo na mtu. Mkeo, Mama Mwanarusi, amekungoja huko vya kutosha. Mungu akujalie afya, chai ya moto, na usingizi usiokatizwa na mtoto wa mtu yeyote.

Cicily Kaari,
kwa niaba ya wafanyakazi wa zahanati